Vyuo viwili, profesa mmoja, na mto katikati

Jumamosi. Mvua ilianza kabla hatujaamka na imetulia sasa hivi tu, barabara zote ni matope, na mimi nimefika hapa cyber viatu vikiwa mkononi. Kuna umeme, kwa hiyo naandika haraka. Moyo wangu umetulia, jambo ambalo sijaweza kuliandika humu kwa muda mrefu.

Wanaonisoma wanajua tatizo langu. Nina diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nimekubaliwa na vyuo viwili, na Jumatatu lazima nijiandikishe katika kimoja. Chuo kikuu kipo, lakini mimi ni mtu wa darasa dogo. Nataka mahali ambapo mwalimu akinikosa atauliza Zaina yuko wapi.

Basi vimebaki viwili. Cha masista kiko upande wetu wa mto, baiskeli ya abiria, toleka, inanifikisha mlangoni hata kama nimechelewa kuamka. Cha Waprotestanti kiko ng'ambo, Lubunga, na huko hakuna njia ila mtumbwi, pirogue. Vyote vinafundisha Kifaransa, historia, falsafa na Kilatini kidogo. Vyote vina rangi ileile ya njano inayobanduka, kanisa dogo pembeni, na maktaba ambayo ni kabati moja lenye kufuli. Nimewaza hadi nimechoka. Mama alianza kunitania kwamba hata yeye alipomchagua Papa, baba yangu, hakuchelewa hivi, na yule alikuwa Mwislamu wa mjini na yeye msichana wa Yanonge aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa.

Papa hakutania.

Papa ni fundi cherehani, ana meza yake barazani kwetu. Tangu vita hivi vianze, na boti za Kinshasa zikaacha kuja, nguo mpya ni chache, kwa hiyo anashona chochote kinacholetwa: mapazia, viti vya magari, maturubai ya wafanyabiashara wanaokwenda Bafwasende. Wiki hii yote alikuwa ameinamia kipande cha turubai la lori, anakitoboa kwa ile sindano kubwa na kulaani kimyakimya. Nilipomwambia Jumanne kwamba nataka kwenda kutazama vyuo vyote viwili kabla ya kuamua, hakuinua kichwa.

"Mutoto, ile ngambo iko mbali," alisema. Basi.

Si mbali. Ukisimama bandarini unaona hata nguo zilizoanikwa kule. Lakini najua alichomaanisha. Siku zile majeshi mawili ya wageni yalipopigana ndani ya mji wetu kwa mabomu, Mama alikuwa Lubunga kwa mdogo wake, Tante Véro. Mitumbwi ilisimama. Sisi tulilala chini ya kitanda, na kila mizinga ilipopumzika Papa alitoka kwenda kutazama mto, akarudi chini ya kitanda. Hatukujua kama Mama yu hai. Alirudi mzima, akiwa amebeba ndizi za makemba, akashangaa tunavyolia. Tangu hapo Papa hajapanda mtumbwi. Anasema familia yake haitagawanywa na maji mara ya pili.

Kwa hiyo kuchagua Lubunga ni kumgusa Papa penye kidonda. Ndiyo maana nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba chuo cha ng'ambo kiwe kibaya. Kingenirahisishia kazi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa masista. Somo lilikuwa historia, mwalimu ni Profesa Lisungi, mwembamba, koti lililomzidi, viatu vya mvua hata kwenye jua. Alifundisha jinsi ya kupima ushahidi. Alisoma taratibu, tukaandika. Katikati alitupa kichekesho cha mashahidi wawili waliogombana mahakamani kuhusu rangi ya mbuzi aliyeibwa, wakati mbuzi mwenyewe amesimama nyuma yao anakula karatasi za hakimu. Tulicheka. Kisha akatazama saa, akakusanya vitu vyake, akatoka karibu anakimbia. Msichana mmoja alikuwa bado ameinua mkono.

Nikasema sawa, ni somo zuri. Nikashuka bandarini kuvuka.

Na ndani ya mtumbwi, ameketi juu ya gunia la mkaa, viatu vya mvua miguuni, yuko nani? Profesa Lisungi.

Nilidhani anakwenda kutembelea mtu. Hapana. Aliniambia anakwenda kufundisha, chuo kilekile nilichokuwa nakwenda mimi. Na si yeye peke yake. Wa Kifaransa anavuka Jumatatu, wa falsafa Jumatano. Tangu vita viufunge mji, maprofesa wa kutoka mbali hawafiki, na waliobaki wamegawanywa kati ya kingo mbili za mto. Mimi nilikuwa nimekonda kwa kulinganisha vyuo ambavyo vina walimu walewale! Nilicheka hadi mpiga kasia akanitazama vibaya. Profesa aliponiuliza ninacheka nini, nikamwambia ukweli.

"Bon, mademoiselle," alisema, "ile blague ya mbuzi, usiiharibu. Waache benzako bacheke kwanza."

Sikuiharibu. Lakini niliketi nyuma kabisa nikiwa nimekata shauri: kama somo ni lilelile, nabaki upande wetu, Papa analala vizuri, mambo yameisha.

Halafu somo halikuwa lilelile.

Lilianza vilevile, mbuzi akaja, wakacheka. Ila safari hii Profesa hakusoma. Nadhani alikuwa ameshajisikia mwenyewe asubuhi na akajua panapochosha. Alifunga karatasi zake, akauliza: siku za mabomu, kila mmoja alikuwa wapi na aliona nini? Kisha mmoja akasema, mwingine akampinga, Profesa akawauliza wamejuaje. Msichana aliyeketi mbele yangu alisema wao walisimama ukingoni wakitazama moshi juu ya upande wetu, na mama yake aliwahesabu watu wa ng'ambo kuwa wamekwisha kufa wote, akawalilia kwa majina.

Sikuwahi kuwaza hivyo. Mimi siku zote nimemwona Papa amesimama ukingoni anatazama kule. Sikujua kwamba kule nako kulikuwa na watu wamesimama wanatutazama sisi. Niliinua mkono, nikataja jina langu, nikasimulia habari ya Papa. Sikuona haya.

Na somo lilipokwisha, Profesa hakukimbia. Angekimbilia wapi? Mtumbwi hauondoki hadi ujae, na jioni kutoka Lubunga unajaa polepole, mama mmoja na ndizi zake, mwingine na kuku. Wanafunzi wamezoea. Walishuka naye hadi majini, wakaketi juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wakaendelea kumsumbua kwa maswali, na yeye akawajibu huku anakula lituma, ndizi za kupondwa, iliyofungwa kwenye jani. Aliponitafuta aliniita kwa jina. Zaina, alisema, baba yako ni shahidi wa nini hasa? Wa vita, au wa mto? Tulibishana hadi tukaitwa kupanda.

Nilivuka nikijua nimechagua. Sikufurahi. Nilikuwa na hofu tupu.

Jana kutwa nzima nilipanga maneno ya kumwambia Papa. Nitamwambia Tante Véro yupo, mto ukifungwa nitalala kwake. Nitamwambia vita vinakwisha, kila mtu anasema. Nitamwambia elimu ni elimu. Akitoka msikitini. Akimaliza kula. Akimaliza turubai lile. Nilikuwa mwoga, jua likazama.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, aliniita barazani. Lile turubai halikuwa la lori la mtu yeyote. Lilikuwa mfuko wa mgongoni, una mikanda miwili mipana, kifuniko kinachojikunja mara mbili, na mshono umepakwa nta ya mshumaa kila mahali.

"Tia buku zako ndani," alisema. "Maji ya pirogue haitaingia. Nilijaribu na ndoo."

Nilisimama kama mjinga. Mfuko wa namna ile hauna kazi yoyote upande huu wa mto. Kwa masista ningekwenda na mfuko wa plastiki. Nikamuuliza alijuaje, mimi mwenyewe nimejua Alhamisi jioni.

"Weye mutoto ya mama yako," alijibu, akarudi kwenye cherehani. Kisha, bila kugeuka: "Kule kwa Véro iko kitanda? Nitakuja kuiona."

Atakuja. Yaani atavuka. Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya mboga ya pondu, akaingia ndani haraka na nilimsikia anapenga kamasi.

Siku zote hizi nimegombana kichwani na mtu ambaye alikuwa ameshakubali, anatoboa vidole vyake kwa sindano mbele ya macho yangu. Niliumizwa na furaha, kama kuna kitu cha namna hiyo.

Mfuko uko hapa miguuni. Hauna kitu ndani bado, ila viatu vyangu vya matope, Papa asijue.

Jumatatu ninavuka. Na mtumbwi ukichelewa kujaa, sitanung'unika.