Laini ya Gambuti

Chebet msomi wangu,

Nyanya yako anakusalimia, na ng'ombe amezaa. Mimi sijambo, ila meno yamebaki ya kuonyesha wageni tu.

Umeniuliza kama uweke akiba kwa hiyo benki mpya yenye riba tamu. Wakati wa chama kimoja, benki yangu hapa Eldoret pia ilikuwa tamu, na mwenye benki alikuwa mkubwa chamani. Niliweka pesa yote ya mahindi, karo ya mama yako ikiwemo.

Asubuhi moja tulikuta mlango umefungwa. Ndani, makarani wamevaa tai, wanaandika. Simu inalia na hakuna anayeshika. Tuligonga kioo, hakuna aliyeinua kichwa.

"Hawa ni watu ama ni maiti?" Kamau mwenye duka akaninong'oneza.

"Maiti hawapigi mihuri," nikamjibu, lakini nywele zilinisimama.

Kama tulivyozoea kwa depo ya mahindi, kila mtu alivua gambuti zake za mpira akaziacha zimshikie nafasi kwa laini, tukaketi ng'ambo ya barabara. Jua likapanda, viatu vitupu vikitazama mlango.

Ndipo akaja mkaguzi wa mabenki kutoka Nairobi. Tukashangilia. Akabisha, akabandika kitambulisho kwa kioo. Askari akafungua kidogo tu. "Mkubwa amesema urudi kesho."

Mkaguzi akageuka, akatuuliza polepole, "Wa mwisho kwa laini ni nani?"

Pesa haikurudi. Kwa hivyo riba niachie mimi mzee mjinga. Wewe uliza kwanza: mkaguzi akibisha huko kwenu, hufunguliwa?

Babu yako mchokozi