Shwari ya Geti la Pili

Baba yangu mpenzi,

Wiki chache zilizopita ilibaki kidogo nipoteze nafasi yangu chuoni, na aliyeniokoa ni wewe, ingawa umelala Tanga mwaka wa tatu sasa.

Unakumbuka zile Ijumaa nikikuletea chakula cha mchana kazini, kwenye yale majumba ya kifahari ya The Pearl uliyolinda huku ughaibuni? Nilikuwa nachungulia daftari lako la lindo. Saa nne, geti la pili, shwari. Saa tano, geti la pili, shwari. Ukurasa mzima! Nikakucheka. "Baba, si uandike siku kukiwa na jambo?" Ukanijibu huku unatafuna: "Nisipoandika, kesho nani atajua kama nilikuwa macho?"

Nikasahau. Nilipomaliza shahada nikachaguliwa kubaki mwaka mmoja zaidi wa utafiti, na Mama akapiga vigelegele hadi majirani wa mtaa wetu wa Najma wakafungua milango. Kazi yangu ni kutazama matumbawe ya bahari ya Al Wakrah ndani ya tangi la maji yaliyopashwa joto, na kuandika yanavyokufa. Siku sita hayakufanya lolote, nami nikaacha kurasa tupu. Msimamizi wangu akafunua daftari. "Siku hizi sita ulikuwa wapi?" Nikasema hakukuwa na kitu. Akaniambia nianze upya, na nikiacha pengo jingine nafasi atapewa mwenzangu.

Nililia ndani ya basi, sikufichi. Mama akanitolea sandukuni madaftari yako. Miaka tisa, Baba, na hakuna saa uliyoruka! Hata siku ile ya mtihani wangu wa mwisho shuleni: "Saa tatu, geti la pili, shwari. Binti yuko mtihanini."

Basi nikaanza upya. Saa nne, tangi la pili, shwari. Leo ni siku ya arobaini. Joto hili lingeua matumbawe ya kwetu Tanga, lakini haya bado yana rangi, bado yananyoosha vidole vyao vidogo kutafuta chakula. Kumbe nilichokiita si kitu ndicho muujiza wenyewe! Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo nimeduwaa, nasahau hata chai.

Jana msimamizi alisoma kurasa zote, akauliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikamwambia: mlinzi wa geti la pili.

Pumzika, Baba. Huku shwari.

Ni mimi binti yako, niko macho.