Vifungo vya Kobe

Jumatatu, 3 Machi
Leo miezi kumi na tisa na siku nne tangu nitoke nyumbani. Mgongo hauniambii kitu kizuri.
Wameleta mashine ya kukagua mabomba kwenye mahandaki chini ya kiwanda. Ramani ya zamani imepotea, hakuna anayejua njia ziko ngapi. Mashine ina magurudumu manne, inatambaa — tumeiita Kobe. Inaingia peke yake, ikimaliza njia zote inarudi mlangoni. Msimamizi kasema Kobe akitoka, na mimi napata likizo. Afanye haraka. Dada anasema mama anasahau sana siku hizi. Jana kaita jina langu, kisha kauliza ni la nani.

Jumatano, 5 Machi
Nimefagia handakini kutwa. Kila njia panda nimekuta kifungo cheupe cha plastiki. Watu hawana adabu, kila mahali wanatupa. Nimejaza nusu ndoo, nikamwaga kwenye gari la taka. Msimamizi kanisifu, eti mtu anaweza kulia chakula sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Kobe hajatoka. Tumeingia na tochi, tukamkuta anazunguka njia panda zile zile tatu. Mwenzangu wa koleo, anayezoa uchafu ninaoufagia, kasema: “Huyu kalewa.” Tukacheka. Fundi wa Kobe, mama mmoja mkali wa mdomo tu, hakucheka. Kasema Kobe hana kichwa cha kuweka ramani, bosi kanunua ya bei rahisi. Anakumbuka mlango alioingilia, basi. Ndiyo maana anadondosha kifungo kila njia panda. Akikikuta, anajua alishapita.
Vile nilivyomwaga Jumatano, nusu ndoo.
Fundi anadhani kumbukumbu imeharibika. Atamrudisha kwa waliomtengeneza — miezi miwili. Miezi miwili mama atakuwa wapi? Simaanishi kufa. Nimechukua ufagio nikatoka, ya ndoo sikuyataja.

Jumamosi, 8 Machi
Sikulala vizuri. Asubuhi nimemfuata fundi, nikamwambia.
“Kaka, wewe ndiye uliyemfuta akili?”
“Nilidhani takataka.”
“Kwa ufagio!” Kaketi juu ya sanduku la vifaa, akashika kichwa. Baadaye kasema na yeye ana kosa, hakumwonya mtu wa usafi. Vifungo vingine anavyo. Kobe ataanza upya, labda siku kumi, labda kumi na tano. Lakini ripoti ataiandika.
“Jina langu je?”
“Nitaandika langu kwanza, lako chini yake. Uongo siandiki.”
Sina la kumlaumu.

Jumatatu, 10 Machi
Kobe kaingia saa mbili asubuhi. Mimi nimekatazwa kuvuka mlango wa handaki, nasugua ngazi za nje. Msimamizi anayo ripoti tangu asubuhi. Kapita mara mbili, kaangalia ndoo yangu. Yule mwenzangu wa koleo anasema mwaka jana mtu alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hili. Asante, ndugu.
Mchana nimepiga simu nyumbani. Kapokea mama mwenyewe.
“Nani?”
“Mimi, mama. Mwanao.”
“Mwanangu yuko mbali.”
“Ndiye mimi, mama.”
Nilisikia anavyopumua. Kisha, kwa sauti ile ya zamani kabisa: “Sasa mbona unakawia? Unakuja lini?”
Likizo sijapewa. Kobe yuko ndani, hata fundi hajui kafika wapi. Kesho saa tatu naitwa ofisini.
Mama nimemwambia nitafika Jumapili, tarehe thelathini, asubuhi.