Majua Mawili Niliyoyafuta

Jumapili, 2 Februari

Mpwa wangu kaja na karatasi zake za chuo. Yuko mwaka wa mwisho, anafanya utafiti: watu wa hulka gani wanapenda hadithi za ajabu — wachawi, sayari, vyombo vya kuruka mpaka kwenye nyota — na wa hulka gani hawataki hata kuzisikia. Dodoso lenyewe maswali sitini. Nimeona makosa matatu ya chapa kabla sijafika swali la kumi. Nikayazungushia kalamu nyekundu. Akasema, mama mdogo, nimekuomba ujibu, sikukuomba usahihishe.

Tumejaza wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye mikono haimtii tena, kwa hiyo alikuwa anataja namba na mpwa anaandika. Mwezi wa nane huu tangu vidole vianze kumwacha. Fundi redio, aliyekuwa anaunganisha nyaya nyembamba kama unywele, leo hawezi kufunga kifungo cha shati.

Matokeo: kwenye kupokea mambo mapya na ya kubuni, yeye kapata karibu zote. Mimi nimekuwa wa mwisho kati ya watu tisini na nne. Kwenye utaratibu na uangalifu nimekuwa wa kwanza. Mpwa alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wangu akasema hata bila karatasi angemwambia; tangu utotoni nilikuwa namkatiza hadithi zake katikati, namuuliza huyo sungura kajifunza wapi kusema. Ni kweli. Sijajibiwa mpaka leo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sioni aibu. Miaka ishirini na sita niko kiwanda cha uchapaji nasoma prufu, nasaka makosa kabla kazi haijachapwa — vitabu vya hesabu, kalenda, fomu. Kalenda ikikosea siku moja, watu wanakosa harusi. Nitapata wapi nafasi ya majoka.

Jumatano, 5 Februari

Tumetoka kliniki. Daktari wa mishipa ya fahamu ni kijana mpole, akisema jambo zito anatazama meza. Leo katazama meza muda mrefu. Ugonjwa umepanda, uko kooni. Sauti nayo itaondoka — wiki nane, pengine kumi, hawezi kuapa. Nikamuuliza kama ana hakika na neno "itaondoka", au alitaka kusema "itapungua". Akasema itaondoka.

 Tulipofika nyumbani mdogo wangu akasema ana hadithi. Anayo kichwani tangu ana miaka kumi na tisa, alikuwa anangoja apate nafasi. Sasa anataka iandikwe. Mpwa akatoa simu amrekodi. Akakataa katakata: alishajisikia mara moja kwenye simu, ulimi unajiburuta kama wa mlevi, hataki kuacha sauti ile duniani. Anataka karatasi. Anataka mimi nichape, maana mkono wangu una kasi. Wewe andika tu, dada, si lazima uipende.

Nikasema sawa. Kisha nikajifungia bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Jumamosi, 15 Februari

Kazi inakwenda. Kila siku nikitoka kiwandani, saa kumi na moja mpaka saa moja. Yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi mezani na kompyuta ya zamani.

Hadithi yenyewe, loo. Kuna mwanamke mbeba maji aliyepotelewa na mtoto. Anaishi kwenye sayari yenye majua mawili, kwa hiyo kila mtu ana vivuli viwili. Cha kwanza ni cha kawaida. Cha pili kinafanya leo kile ambacho mwenyewe atakifanya kesho. Na mito inapanda mlima. Nikamuuliza, inapanda kwa nguvu ya nini? Akasema, dada, andika.

Naandika. Lakini mkono una mazoea yake. Mto ukipanda mlima, vidole vinasita vyenyewe. Leo nimeuteremsha. Neno moja tu, "ukapanda" likawa "ukashuka". Hakuna kilichoharibika. Kosa ni kosa, hata akiwa amelisema ndugu yako.

Alhamisi, 27 Februari

Ukurasa wa arobaini na moja. Sauti imeanza kukwaruza. "R" imekwenda, "s" inaifuata. Anapumzika kila baada ya sentensi mbili. Kila neno linamtoa jasho, jasho kweli, namfuta kwa taulo.

Akishalala nasafisha nilichochapa. Jua la pili nimelitoa; majua mawili yangekausha mito yote, mtu yeyote atauliza. Na jua likiondoka, kivuli cha pili hakina pa kutokea, nacho nimekitoa. Ukianza kusahihisha unakwenda mpaka mwisho, nusunusu ni ovyo. Sasa ni hadithi safi ya mwanamke anayemtafuta mtoto wake. Inasomeka. Nataka siku atakapokuwa hana sauti, awe ameacha kitu ambacho watu hawatakicheka. Walimcheka vya kutosha. Shuleni walimwita Sayari, na jina likamganda. Hata wateja wa redio walikuwa wanabisha hodi wakimuulizia Sayari.

Nimehifadhi kwenye faili lilelile. La zamani la kazi gani?

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mpwa alikuja mchana. Mdogo wangu akamwomba amsomee kuanzia mwanzo, asikie ilivyokaa, kwa kuwa zimebaki sura mbili tu. Mimi nilikuwa namenya viazi mlangoni. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa nangoja kusifiwa.

Mpwa akasoma sentensi ya kwanza, jua lilichomoza. Mdogo wangu akamwambia arudie. Akarudia. Mjomba wake akasema, kwa shida, ma-ju-a. Mpwa akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaendelea. Ukurasa wa pili, wa tatu. Mdogo wangu akauliza kivuli kiko wapi. Mpwa akafunua mbele, akafunua nyuma. Hakuna.

Nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio kabisa — joto, mito, wasomaji. Nilikuwa naeleza huku najisikia nilivyo mjinga. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja: ile ya kwanza ipo? Nikasema hapana.

Akageuzia uso dirishani. Hakunipigia kelele. Hana sauti ya kupigia kelele, nimeimaliza mimi. Sauti yake ya Februari, iliyokuwa bado inaeleweka, yote alinipa mimi, na mimi nikaifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Hataki kuendelea. Amekula vijiko vitatu.

Mpwa alinisubiri jikoni. Nikajitetea: karatasi yako mwenyewe ilisema mimi si mtu wa hadithi za namna hii, ndivyo nilivyoumbwa, mngempa mtu mwingine. Akasema, mama mdogo, karatasi ilisema huzipendi, haikusema uzifute. Kisha akaniambia jambo ambalo siku ile hakuniambia: uhusiano wenyewe alioupata kati ya hulka na hadithi ni mdogo. Upo, lakini mdogo. Wapo watu wa utaratibu kama mimi wanaozisoma mpaka macho yanawauma, na wapo wapenda mapya ambao hawana habari nazo. Hulka inakuvuta kidogo, alisema, haikufungi kamba. Nikamwambia akanywe chai yake.

Kwa hiyo hata pale nilipokuwa najificha hapafichi mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, nimeisoma methali hiyo kwenye prufu za vitabu vya shule sijui mara ngapi, na kila mara nilikuwa naangalia tu kama nukta ipo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeomba likizo. Bosi akauliza mgonjwa anasumbuliwa na nini, nikasema na mimi. Hakuelewa, akasaini.

Najaribu kurudisha. Majua mawili nimeyarudisha, hayo rahisi. Mito inapanda tena. Lakini alivyoyasema yeye, sina. Nakumbuka alipumua wapi. Nakumbuka koma. Ukurasa wa kumi na saba palikuwa na sentensi ndefu kuhusu vivuli vya sokoni, yenye koma nne, na baada ya koma ya tatu alitabasamu. Maneno yenyewe hayapo. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nawinda makosa.

Leo nilimpelekea kurasa kumi. Nikapiga magoti kando ya kiti, nikamwambia nisamehe, mdogo wangu. Akasema kitu. Sikuelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa. Mara ya tatu jasho lilimtoka, mate yakamchuruzika kidevuni, na mimi niliyeajiriwa kuona herufi ambayo wenzangu hawaioni sikushika hata neno moja. Akafumba macho.

Sitajua kama alisema nimekusamehe au alisema ondoka.

Jumanne, 8 Aprili

Sauti imekwisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alitaka kuniita, ikatoka pumzi tu. Nikaendelea kukoroga uji kama mtu ambaye hakusikia. Kweli sikusikia kitu.

Mpwa ametengeneza ubao wa herufi, mistari mitano. Unapitisha kidole, ukifika kwenye herufi anayoitaka anapepesa jicho. Neno moja dakika tatu. Neno lake la kwanza lilikuwa DIRISHA. Tukalifungua. La pili, akinitazama mimi: RULA. Ndilo jina alilonibandika tukiwa watoto, na tangu siku ile ya Machi hakuwa ameniita hivyo. Nikatoka nikasimama kwenye ngazi mpaka uso ukauke. Jirani akapita, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia leo tumeongea.

Jumamosi, 19 Aprili

Zile sura mbili za mwisho. Nimemwambia niko tayari kuziandika herufi kwa herufi, hata ikichukua mwaka. Akapepesa HAPANA. Kisha, karibu nusu saa pamoja na mapumziko: TUNGA WEWE.

Nikacheka. Nikamwambia umesahau, mimi ni wa tisini na nne kati ya watu tisini na nne. Mwombe mpwa wako. Nikaanza upya kupitisha kidole. W. E. W. E.

Nilikaa mbele ya karatasi mpaka chai ikapoa. Nikaandika "Mwanamke akatembea". Nikafuta. Alitembea kwenda wapi? Kila ninachotaka kukiandika najua hakipo, na kalamu inakataa. Sijui watu hawa wanafanyaje. Yeye kafanya hivyo maisha yake yote, mikono iko ndani ya redio ya mtu, mwenyewe yuko mahali ambapo mimi sijawahi kufika. Na sikumuuliza hata siku moja huko kukoje. Miaka yote hiyo tunakula meza moja.

Jumapili, 20 Aprili

Asubuhi nimejaribu kwa mdomo. Bila karatasi, bila kalamu. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikafumba macho kwa aibu.

Nikasema mwanamke akafika kijiji cha mwisho. Huko kila nyumba ina kamba ndefu uani, lakini watu hawaaniki nguo. Wanaanika sauti. Sauti za watu walionyamaza zinaletwa na upepo, zinafika zimelowa chapachapa, kwa hiyo zinaanikwa zisije zikaoza. Nikasema mwanamke anapita katikati ya kamba, kila sauti inamgusa usoni na kumwambia neno lake moja, naye anatafuta ya mtoto wake. Sauti haiwezi kulowa. Nililiona kosa palepale, mdomo ukiwa bado unasema, na sikusimama. Sijui yalikuwa yanatoka wapi. 

Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mtu aliyerudi safari. Akaelekeza macho kwenye ubao. Nikadhani anataka kunikosoa, nikajiandaa. Herufi moja moja, polepole kuliko siku zote: YANGU IPO.

Nikamuuliza, unaniuliza? Akapepesa, ndiyo.

Anataka kujua kama sauti yake imo kwenye kamba zile.

Sijawahi kumdanganya. Alipokuwa na miaka tisa aliniuliza kama mama atapona, nikamwambia hapana, kwa kuwa ndivyo daktari alivyosema. Hakuniuliza tena kitu cha namna ile mpaka leo.  Kabla sijamjibu, mpwa akaingia na bakuli la uji na taulo, na mimi nikampisha upesi kama mwizi.

Sasa niko jikoni, naandika nimesimama. Ubao nimeuacha mapajani pake. Nikisema hapana, nitakuwa nimefuta tena. Nikisema ndiyo, lazima nijue imeanikwa uani kwa nani na inasema neno gani, kwa sababu ataniuliza, namjua. Namjua vipi, mtu niliyeshindwa hata kumsikiliza?

Mpwa ananiita. Anasema mjomba hataki kijiko, anatazama mlango tu.