Kiti cha Gita la Katikati

Jumatatu, 1 Juni 1998

Lengalenga, mchicha wetu wa kuuza, zimefika asubuhi na mapema, zina maji bado. Goreti, mwenzangu wa meza, amezibeba kichwani kutoka Carama, huko kaskazini, kama kila siku. Tumezifunga mafungu mi naye, huku anaimba puani kale kawimbo kake. Ti-ka-ti, ti-ka-ti, halafu kanarudi pale pale. Hakana kichwa wala mkia. Nimemuuliza ni kawimbo gani. Hajui, kamemganda tu. Nikamwambia akagandue basi, kananipandisha mori. Amecheka, akaendelea.

Soko la Jabe limepoa. Tangu ambargo, majirani walipotufungia mipaka, hata chumvi ina maringo.

Jumatano, 3 Juni

Mzee Feruzi wa ng'ambo ya njia amenikuta nafagia. Yeye ndiye mpiga solo wa orkestra ya baa ya kona. Ijumaa msikitini, Jumapili kwenye gita, na hakuna anayethubutu kumsema. Tangu utoto wangu hapa Buyenzi muziki ule nausikia kupitia ukutani. Sijawahi kuuona. Nikamuuliza mnakuwa magita mangapi mle ndani? Amenitazama kwanza. "Njoo Jumapili ujionee."

Baa! Mi, binti ya marehemu mwalimu wa madrasa. Nitasemwa mpaka nikome.

Nitakunywa limonadi.

Jumapili, 7 Juni

Nimeenda. Nje saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Ndani usiku. Patroni, mwenye baa, ametundika mablanketi kwenye madirisha yote. Tangu vita dansi ni mchana, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza, lakini nani atacheza rumba kwenye mwanga wa kuchambulia mchele? Kwa hiyo usiku wanautengeneza. Watu wamevaa hasa. Manukato, viatu vinang'aa, wanawake na wanja. Ukitoka kwenda msalani jua linakupiga usoni unajiona mjinga.

Nimekaa karibu na jiko la brosheti, mishikaki ya mbuzi. Macho yote kwangu. Wacha watazame.

Mwimbaji, ngoma, besi, gita la kusindikiza, na solo ya Mzee Feruzi. Kati ya hao wawili wa mwisho kuna kiti, na juu yake gita limelala. Hakuna aliyekikalia mchana kutwa. Muziki mtamu, lakini unachechemea. Kuna mahali hata mi nisiyejua kitu nilihisi mguu unatafuta chini haupati.

Kile kiti kimeninyima raha.

Jumanne, 9 Juni

Nimemuuliza Mzee Feruzi. Sina simile, najijua.

Lile ni gita la katikati, wao wanaita misolo. Haliimbi, halisindikizi. Linashona haya mawili yawe kitu kimoja. Ukilisikia peke yake utasema mtu anajikuna. Mwenyewe anaitwa Deo. Miaka mitatu iliyopita, mitaa ilipogawanyika, huyu huku yule kule, Deo alikimbilia kaskazini na mke na watoto. Gita aliliacha. Vizuizini mtu mwenye gita anaulizwa mengi. Tangu siku hiyo kimya. Wengine wanasema alikufa njiani.

"Kaburi nimeliona wapi?" Mzee Feruzi amesema.

Sasa patroni amechoka na muziki wa kuchechemea. Mwisho wa mwezi huu, kiti kikiwa bado kitupu, anawafukuza wote na kuleta mtu wa kaseti. Wenzake wamepata misolo mwingine, Salvatori, mbeba magunia wa bandarini, yuko tayari. Mzee Feruzi amekataa. Kiti kina mwenyewe. Wanamuziki watano, watano wote wana watoto wa kulisha, na babu huyu anang'ang'ania kiti!

Nimemkasirikia. Na nimemwonea huruma. Vyote viwili.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefunga meza mapema, nimemwomba Mzee Feruzi anionyeshe walikokuwa wanapiga zamani. Amefurahi vile! Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tumetembea mpaka Zone Industrielle, kwenye viwanda. Depo moja ya saruji ilikuwa ukumbi wa dansi yeye akiwa kijana. Mlinzi ametuachia mlango. Chini, kwenye vumbi, sakafu bado ni laini kabisa mahali pamoja, duara, miguu imeilamba. Amenionyesha orkestra ilikokaa na upande waliokaa wasichana wa Buyenzi na dada zao wakubwa wa kuwachunga. Muziki wenyewe ulitoka pande zote, anasema. Magita toka ng'ambo ya ziwa, toka Kongo. Namna ya kuvuta sauti, toka harusi za mama zetu. Ngoma, za huku huku. Hapo mlinzi akaanza kutikisa mabega na bunduki yake begani. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Miaka yote hii nimeishi mji huu kama mgeni.

Jumapili, 14 Juni

Naandika hata viatu sijavua.

Leo nimekaa mbele. Wimbo mrefu wa mwisho, pale mwimbaji anaponyamaza magita yakabaki yenyewe, mdomo wangu ukaanza kuimba peke yake. Ti-ka-ti, ti-ka-ti. Kale ka Goreti. Kakaingia kwenye lile pengo, pale pale, kama kifungo kwenye tundu lake. Hakuna kuchechemea tena. Nimeacha, pengo likarudi. Nimeanza tena, likaziba.

Masikio yamenisimama. Limonadi sikuimaliza.

Jumatatu, 15 Juni

Miaka miwili tunauza pamoja, mi na Goreti, na mume wake namjua kwa jina la Baba Alisi tu. Leo nimeuliza jina lake hasa. "Deogratiasi." Anapiga gita? Fungu likamtoka mkononi.

Amenivuta nyuma ya vibanda. Ni yeye. Mzima. Amejichongea gita la mbao, kila jioni analikwaruza nyumbani, Goreti analisikia akipika, ndiyo maana kamemganda. Wimbo wenyewe mzima hajawahi kuusikia. Na Deo anaamini orkestra ilikufa. Goreti ndiye aliyemwambia hivyo.

"Akijua wanapiga bado atatoka, Zuhura. Namujua mutu wangu. Atatoka hata kama risasi zinanyesha." Kaka zake Goreti wawili waliuawa kwenye njia ile ile ya Carama; mwanamke na kikapu chake wanamwacha apite, mwanaume hapana. "Mi nakuomba. Usiseme."

Nimeapa. Nani alinituma kuuliza?

Alhamisi, 18 Juni

Mzee Feruzi amenisalimia asubuhi. Nimejifanya natafuta kitu kwenye kikapu.

Jumapili, 21 Juni

Mbaya. Patroni amewaambia mbele ya watu: Jumapili ijayo ni ya mwisho. Mpiga besi amemtukana Mzee Feruzi, mtu anayeweza kuwa baba yake. Amemwambia unazika wazima kwa ajili ya maiti. Mzee ametazama kile kiti tu.

Nami nimekaa pale na jibu mdomoni kama kaa la moto. Najichukia.

Jumatano, 24 Juni

Nimemwambia Goreti yote. Wanamuziki, watoto wao, patroni, matusi. Sikumlazimisha. Nimesema tu aone ukimya wetu unafanya nini. Amefunga kitenge chake akaondoka bila hesabu.

Ijumaa, 26 Juni

Goreti hajaja jana wala leo. Meza tupu. Wateja wanauliza. Nimempoteza, basi. Mdomo wangu huu.

Jumapili, 28 Juni

Amekuja! Si sokoni, baani. Mchana, na kikapu chake kichwani, kitenge cha kanisani. Amekaa karibu nami jikoni, hajaniangalia. Ameagiza chai. Chai, baani.

Wimbo mrefu ulipofika kwenye pengo, amenikamata mkono. Akaanza taratibu, puani. Akakatisha, mkono mdomoni. "Kumbe kana wenzake," amesema. Akalia waziwazi, na mi naye.

Walipomaliza ameenda mwenyewe kwa Mzee Feruzi. "Mi ni muke wa Deo. Yuko muzima." Mzee amekaa chini sakafuni, na gita lake, na suruali yake ya pasi. Goreti akamwambia pia kwa nini amemficha, na kwamba hatamtoa mpaka njia itulie. Mzee akasema sawa, asimtoe.

Nilidhani sasa ndiyo hatakitoa kile kiti kabisa. Kumbe sikumwelewa hata kidogo. Ameinuka, amelichukua lile gita, amelifuta kwa shati lake, akamwita Salvatori aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nilikuwa sina wa kumwomba ruhusa," ametuambia, akamtazama Goreti, naye akaitikia kwa kichwa. "Sasa ninaye. Kaa. Ni la kuazima."

Salvatori amekaa. Wamerudia wimbo. Watu wote wameinuka, hata mpika brosheti. Nami nimecheza, Mungu anisamehe.

Goreti hakucheza. Alitaka kuwahi njia.

Jumanne, 30 Juni

Lengalenga kidogo leo, lakini nzuri. Goreti amekuja amechelewa, macho mekundu, ana amani.

Amemwambia mumewe ukweli. Deo aliacha ugali upoe. Kisha akamwapia kwa vichwa vya watoto kwamba hatatoka mpaka njia itulie. Kisha akauliza nani kakaa kwenye kiti chake. Alipotajiwa Salvatori akapiga paja. Salvatori! Basi ametuma neno: Salvatori asikimbie. Kwenye kona, pale wimbo unapogeuka, amsubiri Feruzi, maana Feruzi ndiye mwenye haraka.

Jioni nimevuka njia kulifikisha. Mzee alikuwa anatawadha. Ameacha maji yakimwagika.

"Ni yeye," amesema. "Huyo ni yeye."

Akaniomba nirudie, polepole, kama lilivyotumwa.