Kidole cha Shangazi Yako

Kavira mwanangu, wewe uliyekimbilia Beni, huko Bungulu,

Simu hushiki, basi naandika. Barua hii sikuitia katika bahasha. Mama mmoja anayeuza mawese ataibeba kutoka hapa Butembo, na nimemwambia aisome akitaka, dereva naye aisome, na kila mwenye macho njiani. Unanijua: mzee asiye na meno wala siri. Siri nilikuwa nayo moja tu, na ndiyo hii.

Unakumbuka ulivyokuwa unasoma? Wenzako walisoma droit, sheria, kwa macho, wewe uliisoma kwa mdomo. Unatembea uwanjani toka jikoni mpaka chooni, syllabus mkononi, unaimba sheria kama litania ya watakatifu. Mimi niko nyuma ya dirisha na kasiksi yangu, pombe ya ndizi, nakuchokoza. Mwaka wa kwanza ulitangaza kwamba mtoto aliye tumboni anaweza kurithi, mradi azaliwe hai. Nikapiga kelele dirishani, "Donc mimba iko na haki kuliko mimi!" Siku nyingine ukasema hakuna mtu anayeruhusiwa kujitetea kwamba hakujua sheria. Nikasema, "Basi batufunge sisi bote, tangu askofu mpaka mbuzi." Ukacheka mpaka ukapoteza ukurasa. Na uliposoma kwamba udongo wote wa nchi hii ni wa Serikali, nilitoka nje kabisa.

"Serikali ilikuja kulima Musienene siku gani? Ilishika jembe na mukono gani?"

"Papa, uniache, kesho niko na examen."

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Padri alinifukuza kwa ajili ya divai ya misa. Hadithi hiyo unaijua, na usiamini yote uliyosikia. Watu walidhani nakusumbua tu pale dirishani. Hapana. Nilikuwa mwanafunzi wako. Nilisoma kama kuku anavyokula, punje hapa, punje pale, na nyingine nikizikosa kwa sababu nilikwenda kuongeza kasiksi. Majirani walipogombania mpaka wa mashamba, nilikwenda kukaa katikati yao, nikasema kwa Kifaransa chako "consentement", nikasema "capacité", nikakuna kidevu kama juge wa mahakama. Wakaanza kuniita Maître, kama wakili. Nililipenda jina hilo, mwanangu, kuliko jina la ubatizo.

Halafu ukafika kwenye urithi. Ilikuwa saa kumi ya mchana, unapukuchua maharagwe, kitabu kimelala juu ya goti. Ukasoma kwamba watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, wanagawana sawasawa. Siku hiyo sikupiga kelele. Hukushangaa?

Nilikuwa nawaza shamba la Musienene. Babu yako, kabla hajafa, alimwonyesha dada yangu Masika, shangazi yako, mahali pa kulima, toka kijito mpaka kwenye mikaratusi. Akalima hapo tangu alipofiwa na mumewe. Mimi nikawa nasema ni shamba langu, dada yangu ananilimia tu, maana kwa desturi mwanaume mkubwa ndiye mwenye udongo, na hakuna aliyenibishia. Sasa binti yangu mwenyewe anatangaza uwanjani, kwa sauti, kwamba desturi yangu imeisha. Nikaogopa siku moja utamwambia. Na wiki hiyohiyo ulisoma somo la ushahidi, kwamba karatasi inashinda mdomo. Punje hiyo sikuikosa.

Nikapanda Musienene siku ya soko. Nilimkuta shangazi yako anajaza maharagwe kwenye gunia. Nikamwambia wanagawa mbegu kwa wenye mashamba, kila mmoja aweke kidole kwenye karatasi. Hajui kusoma, kama unavyofahamu. Alinawa mikono kwanza. Akajipangusa kwa kikwembe alichojifunga, akaniita Yaya, kaka mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, niweke kidole gani?"

"Kile kinene."

"Nikandamize sana?"

"Kandamiza."

"Aksanti, Yaya. Mungu akulipe."

Karatasi ilisema kwamba shamba ni langu peke yangu na yeye hadai kitu. Niliipeleka bureau ya Serikali, ikapigwa muhuri. Na maharagwe yale aliyokuwa anayajaza, Kavira, yalikuwa ya kukulipia mwaka wako wa mwisho. Miaka yote aliyashusha toka mlimani, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akisema, "Batoto ba kaka yangu ni bangu." Shamba nililomwibia ndilo lililokusomesha namna ya kukamata wezi.

Siku tatu baadaye ulikuwa uwanjani tena, unarudia somo la mikataba. Ukasoma kwamba makubaliano yaliyopatikana kwa hila si makubaliano. Ukasema kwa Kifaransa, ukasema kwa Kiswahili. Halafu, ili ikae kichwani, ukajitungia mfano: "Sawa vile mutu anadanganya mwenye hajue kusoma, anamuwekesha kidole." Mfano tu! Hukujua kitu. Karatasi ilikuwa ndani ya koti langu, na nakuapia niliisikia ina joto. Nikasimama.

"Papa, unaenda wapi? Leo hauniulizi kitu?"

"Naenda kuangalia mbuzi."

"Papa, mbuzi tuliuza."

"Naenda kuangalia pale ilikuwa inafungwa."

Ulicheka. Nami nikaenda kweli, nikasimama nyuma ya nyumba nikitazama kigingi kitupu. Hapo ningeweza kurudi nikakuambia. Badala yake, juma lililofuata nilimpa kaka yako Paluku shamba, akapanda viazi.

Mengine uliyaona. Shangazi alifika na jembe, akakuta matuta ya mtu mwingine, akaja kwako na vumbi miguuni. Ukaniomba karatasi. Ukaishika kwenye mwanga wa mlango.

"Papa, hii kidole ni ya nani?"

Nikakujibu kwa kicheko, "Si weye ulisema karatasi inashinda mudomo? Mimi nimefanya tu devoir ya somo lako."

Hukulia. Uliikunja, ukanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni kofia yake. Shangazi akakuomba usimame naye mbele ya tribunal, mahakamani, maana hana mwingine anayejua maneno yale. Nilisikia ulivyomjibu: "Shangazi, siwezi kusimama kumushitaki baba yangu." Kesho yake ukapanda gari la Beni. Nami kwenye kasiksi niliwaambia wenzangu, "Donc Maître ameshinda hata bila kupleda mbele ya juge." Walinicheka vizuri. Nililala vizuri pia, sitakudanganya.

Aibu ilinikuta baadaye, asubuhi moja, mlangoni. Shangazi yako alikuwa amesimama na beseni la maharagwe. Siku hizi anawalimia watu wengine, wanamlipa kwa maharagwe. Hakutaja shamba. Alisema, "Yaya, ukipata mutu wa Beni, upelekee mutoto. Kule hapana maharagwe ya mulima." Akashuka. Nikakaa chini, pale pale kwenye kizingiti, mpaka mama yako akauliza kama nimeanguka.

Karatasi niliichoma. Lakini kopi iko bureau na muhuri wake, na Paluku anaijua. Nilipomwambia ang'oe viazi vyake, alinitazama kama mgonjwa. Basi Jumapili, misa ilipokwisha, nilisimama nje ya kanisa watu wakiwa bado wamejaa, nikasema kwa sauti, "Mimi ni mwizi. Nilimuibia dada yangu shamba." Unajua walifanya nini? Walicheka. Mmoja akapiga makofi, "Maître, endelea!" Nikaapa. Wakacheka zaidi. Miaka sabini nimewazoesha hivyo. Nilitafuta uso wa Masika katikati yao. Yeye peke yake hakucheka. Alifunga kikwembe vizuri, akapita njia ya pembeni, peke yake. Na Paluku sasa anaambia watu, "Papa kichwa imeanza kumutoka, musimusikilize."

Kwa hiyo mdomo wangu haufai kitu tena. Lakini nakumbuka mlisoma jambo linaloitwa aveu, mtu akikiri mwenyewe dhidi yake mwenyewe. Na anayekiri awe na akili. Basi andika kwamba ninayo: leo ni Jumanne, mvua imenyesha tangu asubuhi, mama yako ameniita mara tatu nikale bugali na sijaenda. Na hii ndiyo aveu yangu, kwa mkono wangu: nilimdanganya Masika, dada yangu tumbo moja. Alidhani ni mbegu. Shamba la kutoka kijito mpaka kwenye mikaratusi alipewa na baba yetu mbele yangu, na mimi nilikuwepo, na nilisikia. Chini ya maneno haya nimeweka jina langu na kidole changu pia, kile kinene, ili asiwepo wa kusema sikuandika mimi.

Tribunal, kule shangazi yako aliponishtaki, inatuita Alhamisi ya wiki ijayo. Uliza kwanza habari za barabara. Kama si nzuri, mpe barua hii avocat, yule wakili unayemfanyia kazi, naye atajua njia ya kuifikisha. Ila kama inapitika, njoo. Usije kuniombea huruma, wala usiniletee mtetezi. Kaa upande wa shangazi yako, useme yale uliyokuwa unayaimba uwanjani.

Mimi nitajibu nitakaloulizwa. Lakini najijua: nikiona watu wamejaa, ulimi wangu utatafuta mzaha. Nikianza, unikatize pale pale mbele ya juge. Niite mshtakiwa, usiniite Papa. Papa utaniita baadaye, kama utaona inafaa.

Nakuaga na aibu yangu yote mkononi.

Mzazi wako wa Butembo