Nyuzi Arobaini na Tano

Nestori ndugu yangu,

Hali yako sikuulizi. Nimeshakuandikia uongo wa kutosha ulipokuwa hai, siwezi tena kuanza na swali ambalo jibu lake nalijua. Niko Lusahunga, nyuma ya kibanda, malori yanapumua njia panda na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Mwandiko wangu unaujua: kuku kakanyaga wino. Ulikuwa unasema, "Saidi, unaandika vibaya, lakini unaandika mengi." Basi leo tena nitaandika mengi, na safari hii ni ya kweli.

Unanijua mimi. Saidi Dunia. Nimefika Mombasa, Kigali, Bujumbura, nimelala juu ya magunia ya chumvi na juu ya mabati, nimekula ugali wa nchi nne. Darasa la sita niliacha kwa sababu mwalimu wa jiografia alikuwa anafundisha miji ambayo hajaiona. Lakini siku ulipoingia sebuleni kwa Mama pale Nyamiaga, na kibali chako cha kutoka kambi ya wakimbizi mfukoni na kiroba begani, ukamwaga mezani bodi na nyaya na feni zilizokufa, nilinyamaza. Nilikuwa sijawahi kumnyamazia mtu kabla ya hapo. Hata Mama alishangaa.

Lile shirika ulilolitengenezea kompyuta lilikuwa linafunga ofisi yake, likakuachia chuma chakavu. Mashine sita zilizokufa. Ulisema kutoka humo tutatoa moja iliyo hai, na kambini hakuna umeme, ndiyo maana ukamwomba Mama kona ya sebule. "Shikamoo Mama, hatutachafua." "Marahaba mwanangu, chafueni tu, huyu wangu amekwisha kuchafua mengi."

Unakumbuka ile dawa nyeupe ya kuweka kati ya prosesa, ule ubongo wa mashine, na bati la kupozea? Ulisema iwe kama punje moja ya mchele. Mimi nikapaka kama siagi kwenye mkate wa harusi. Hukunikaripia. Ulifuta yote, na spiriti ilipokwisha ukatumia gongo ya jirani, na Mama aliporudi kutoka sokoni akanusa mikono yangu akataka kunipiga na mwiko. Mtoto wa Kiislamu, saa tano asubuhi! Ukasimama mbele yake na kitambaa mkononi, ukaapa kwamba aliyekunywa ni mashine. Mama akacheka hadi akakaa chini.

Ilipowaka, mimi nilitaka mbio papo hapo. Gemu la magari lilikuwa linakwenda kwa kuchechemea, gari linafika kona kabla picha haijafika. Nikasema tuiongezee mwendo wote mara moja. Wewe ukaniambia yale maneno ambayo nimeyarudia kwa madereva kama vile ni yangu. Panda ngazi moja ya mwendo. Ifanyishe kazi ngumu saa nzima, usome joto. Ikiganda, rudi ngazi moja, usione aibu. Volti usiiguse mpaka mashine ikuombe, na ikikuomba, ipe kidogo kuliko inavyoomba. "Mwendo ukizidi, itaganda, utawasha upya. Volti ikizidi, hutawasha tena." Buhoro buhoro, ulisema, polepole kwa Kirundi chenu, na ukaandika kwenye lile daftari lako la mraba: mwendo, volti, joto, na hali ya hewa. Hata mvua uliiandika! Nikakucheka. Nikakuuliza kama mashine ni shamba la mahindi.

Siku tisa tulipanda. Nyuzi arobaini na moja, arobaini na nne, hamsini na mbili ikiwa kazini. Ukaweka kengele: ikifika sitini na tano, ilie. Volti ukaiacha moja nukta sita, ukasema mwisho ni moja nukta sita na nusu, na huko tusifike. Gari likafika kona pamoja na picha yake. Ulipiga kofi moja tu mezani. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka kwao na mtoto mgongoni, furaha yake yote ni kofi moja mezani. Mimi nilikwisha toka nje kutangaza mtaa mzima.

Na kile kitambaa. Mama alikifuma kwa uzi mweupe, na maua ya pinki pembeni, kwa sababu nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata jagi la maji. Akakitandika juu ya mashine, pale pale kwenye matundu ya kutolea joto. Ukasubiri atoke, ukakikunja vizuri, ukakiweka juu ya redio. "Mashine siyo bibi harusi, Saidi. Inapumulia kichwani." Akirudi, anakirudisha. Akitoka, unakikunja. Miezi yote uliyokuwa unakuja kwetu hamkusemezana juu ya hilo, na hakuna aliyekasirika.

Halafu malori ya kurudi nyumbani yakaja kambini. Mzigo mlipewa kipimo, na wewe ulikuwa na sufuria, magodoro, watoto. Ukasema, "Nitunzie. Kilimani kwetu umeme haujafika. Ukifika nitakuja kuichukua, au wewe utaniletea." Nikakuahidi. Niliahidi kwa sauti kubwa, unajua sauti yangu.

Nestori, sikukaa nayo Nyamiaga hata msimu mmoja.

Niliileta huku Lusahunga, kwenye kibanda changu, watu wacheze gemu. Nilijiambia madereva watafurahi, na walifurahi. Lakini Nyamiaga kuna baridi ya mlima. Ulisema Mungu amewapa Wahangaza, wenyeji wa Nyamiaga, feni ya bure. Huku kuna vumbi la barabara na jenereta linalokohoa kama mzee. Kazi iliyokuwa hamsini na mbili ikawa sitini na tatu. Niliiona. Sikupunguza ngazi. Ikapita sitini na tano, kengele ikaanza kulia mbele ya wageni, nikaona aibu, nikaizima. Siyo mashine niliyoizima, ni kengele.

Siku yenyewe alikuwepo dereva mmoja wa Mombasa, mwenye kofia. Akatazama gemu akasema, "Mombasa mashine zinakimbia, ndugu yangu. Hii ni trekta." Watu wakacheka. Mimi, Saidi Dunia, kuitwa mwenye trekta kwenye kibanda changu! Nikasema subiri uone. Nikaingia kule kwenye mipangilio ulikonikataza kuingia peke yangu. Nikapanda ngazi tatu kwa pamoja. Ikakataa kuwaka. Nikaipa volti. Ikakataa. Nikaipa tena: moja nukta nane na nusu. Ikawaka. Na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, na nilitaka ionekane kitu cha heshima, nikatandika kitambaa cha Mama juu yake. Kwa mikono yangu hii.

Ilikimbia kama shetani, dakika kumi labda. Dereva alivua kofia. Nikawa natembea kifua mbele, natazamwa. Halafu harufu, kama dagaa waliosahaulika jikoni, na kioo kikawa cheusi. Nilipoinua kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi, na katikati kimegeuka rangi ya chai.

"Trekta limezima," akasema yule dereva.

Nikacheka kuliko wote. Nikasema ni jenereta. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka mwepesi, haukuniuma hata kidogo.

Wiki ile ile ikaja barua yako, mkononi mwa dereva wa Muyinga, huko kwenu. Salamu, watoto, mvua, ulezi. Mwisho mstari mmoja: "Mashine joto lake ngapi?" Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Nikaandika: nyuzi arobaini na tano. Nilichagua namba inayopendeza, ndugu yangu, kama mtu anavyochagua shati.

Ukajibu: "Vizuri. Ipulize vumbi." Nikakuandikia nimepuliza. Mwezi uliofuata ukauliza tena. Arobaini na tano. Miaka miwili nilikupa joto la maiti. Ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya gunia, na kitambaa kilichoungua nimekifunga humo humo ili Mama asikione. Akikiuliza, nasema kimependeza mno, madereva wanakisifia.

Uongo wa namba ningeubeba. Ninao mwingi, ule wa kwamba niliwahi kuendesha lori mwenyewe mpaka Lubumbashi ulikuwa unaujua. Lakini uliandika, "Ukipita huku, panda kilimani, kuna ndizi na kuna pombe ya wengine na maziwa yako." Nilipita, Nestori. Nilipita Muyinga mara mbili. Mara ya pili dereva mwenyewe aliuliza, "Siyo huku kwa yule fundi wako? Nisimame?" Nikasema twende, tumechelewa. Nikajilaza chini kwenye kiti, nikavuta kofia usoni. Nilikiona kilima chako kwa jicho moja. Nilijua swali la kwanza litakuwa lipi, na usoni mwako siwezi kuandika arobaini na tano.

Ilikuwa msimu wa maharage. Kabla hayajavunwa, dereva akaleta habari kwamba homa ya siku nne imekuchukua, umezikwa kilimani.

Mkeo Konsolata alikuja mwezi uliopita. Alishuka kwenye lori na mtoto wa mwisho mgongoni, yule ambaye hukukaa naye sana. Nikajua amekuja kuchukua mashine. Nilisimama hapo mlangoni. Nikamwambia, "Shemeji, kabla hujakaa, mashine niliiunguza mimi. Siyo jenereta." Akanitazama. Akasema, "Tunajua."

Akatoa lile daftari la mraba. Akasema ulimwagiza anipe mimi mkononi, asimpe dereva.

Nimelisoma mara nyingi mno. Kurasa za Nyamiaga, siku zetu tisa, arobaini na moja, arobaini na nne, mvua, jua, jua, mvua. Halafu barua zangu, zote umeziingiza, moja moja, kwa mwandiko ule ule wa heshima. Kiangazi, arobaini na tano. Masika, arobaini na tano. Lusahunga, vumbi, arobaini na tano. Na chini ya ile ya tatu tu, ya tatu, umeandika: "Mashine hai hupanda na kushuka. Hii imekufa. Saidi anaogopa. Niendelee kumwuliza, nikiacha ataacha kuandika."

Kwa hiyo nilikuwa nimejilaza chini kwenye kiti kwa ajili ya nini?

Sina la kucheka hapo. Nimelitafuta.

Nilimpeleka Konsolata Nyamiaga nikamwambia Mama yote, nikamwonyesha kitambaa. Nilitegemea mwiko. Alikishika mahali palipoungua, akasema, "Mjinga wewe, mbona hukuniambia inapumulia juu? Ningefuma cha kuweka chini yake." Usiku ule ule hakulala kabla hajakifumua. Uzi uliosalimika amemfumia mwanao kofia, na ua moja la pinki pembeni. Imemkaa mpaka kwenye nyusi.

Mimi nimeagiza prosesa Mwanza, ya zamani kama ile, na bodi. Kasha ni lile lile, feni ni zile zile. Nimeziosha kwa brashi ya meno. Dawa nimeweka punje moja. Nimeirudisha sebuleni kwa Mama, mahali pake, haina nguo. Nimeipandisha ngazi moja tu, kengele nimeiwasha, volti sijaigusa kwa sababu haijaniomba. Wakisema trekta, waseme.

Lala, ndugu yangu. Ijumaa lori linakwenda Bujumbura na dereva nimeshamwambia: Muyinga atasimama, nishuke, na asinisubiri. Nitapanda kilima mchana, kila mtu anione. Daftari nitakuja nalo, niketi kaburini kwako, nikusomee kila nilichojaza, na Konsolata nitamwandikia kila mwezi hata nikiwa na aibu. Hasa nikiwa na aibu. Nimeanza ukurasa mpya baada ya maneno yako.

Nyamiaga, Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ndogo: thelathini na tisa. Saa nane, jua limetoka, ikiwa kazini: hamsini na sita. Jumatano, mawingu: hamsini na moja.

Ndugu yako,
Saidi